Yule wa Kunisalimia

Shinyanga,
16 Machi 2025

Dada Agatha,

Shikamoo. Najua Mlezi wenu husoma barua kabla hajawapa, kwa hiyo naye nampa yake: Sista Benedikta, shikamoo. Humu hamna la kuficha.

Muhula wa mwisho umeanza. Wale wa mwaka wa kwanza wananiuliza mimi njia ya maktaba, mimi niliyelia chooni wiki ya kwanza kwa sababu sikujua chumba namba gani ni kipi. Nina Madam Rhoda tena, wa takwimu. Anaingia darasani na kapu la nyanya za sokoni, anatugawia, tunazipima, tunabishana, na kabla kipindi hakijaisha umeelewa jambo ambalo mwenzake aliliandika ubaoni mwezi mzima. Huyo ninamwombea. Wengine wanasoma slaidi kwa sauti kisha wanaondoka. Ukiuliza swali wanakwambia jibu lipo kwenye slaidi.

Kubwa la muhula huu ni utafiti. Kila mmoja wetu amepewa msimamizi wa kumwongoza, na bila saini yake humalizi shahada. Wangu ni Dkt. Charles Marwa, mtu wa Tarime, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nataka kuandika juu ya kina mama wanaoponda mawe ya dhahabu kule Mwakitolyo. Andiko langu nililiacha kwa katibu wake, halafu Jumatano nikaenda kujitambulisha. Nilipiga goti mlangoni, nikamwamkia. Wavulana kwenye korido wakacheka: "Huyu kaletwa kuolewa!" Dokta akaitikia marahaba, akasema hujambo binti, nikasema sijambo. Akasema haya, vizuri. Nikangoja. Akarudi kwenye kompyuta yake. Nikaaga.

Bado hajaniuliza nimekuja na nini. Ataniuliza. Mageni, ninayekaa naye chumba kimoja, amekulia Mwadui kwenye nyumba za kampuni. Yeye aliingia moja kwa moja, akaweka karatasi zake mezani na kusema, "Dokta, nisomee hii, mimi nakaa hapa hapa." Niliona aibu kwa niaba yake.

Wasalimie wanovisi wenzako.

Mdogo wako,
Generoza


Unovisi, Ushirombo,
30 Machi 2025, Jumapili ya Nne ya Kwaresima

Mdogo wangu Gene,

Marahaba. Mlezi naye anaitikia, na anasema una mwandiko wa kitawa kutuzidi sisi tunaoutafuta utawa.

Usichoke kuandika. Simu tulizikabidhi siku ya kuingia na hatutaziona mpaka mwaka wa unovisi uishe, kwa hiyo barua yako naisoma bustanini, nairudia jikoni, na wenzangu wananiambia niwasimulie nyanya za Madam Rhoda. Niandikie habari za maktaba pia. Sisi tuna kabati moja la vitabu, na kila ukifungua kimoja unamkuta mtakatifu amekufa.

Baba na mama walikuja Jumapili ya wageni kutoka Bugelenga. Baba ameshatangaza kwenye jumuiya: "Mwaka huu nyumba yangu ina mambo mawili. Mmoja anavaa joho, mwingine anaweka nadhiri." Ameomba kwa Paroko misa moja ya shukrani, mwezi wa Desemba, kwa ajili yetu sote wawili. Mama alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyeambiwa siri.

Kuhusu Dokta wako, usiwe na haraka. Mtu mzima ndiye anayekuuliza habari za ulikotoka. Unakumbuka tulivyotumwa kwa Baba Mkubwa kuomba mbegu? Tulikaa tunachambua karanga zake mchana kutwa, hatukusema neno, mpaka mwenyewe akauliza, "Haya, wanangu, mmetumwa nini?" Na tulirudi na mbegu. Nenda, msalimie, akuzoee sura. Usimkimbilie na shida mlangoni kama mtu anayemdai. Mageni wako ana malezi yake, mwache nayo.

Niombee. Kuna siku sala hainipandi kabisa, nakaa kanisani nahesabu vigae.

Dada yako,
Agatha


Shinyanga,
18 Mei 2025

Dada Agatha,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, kazi zimekuwa nyingi. Utafiti unakwenda vizuri.

Nimefuata ushauri wako. Kila ninapopita jengo lao nakwenda kumsalimia Dkt. Marwa, na sasa ananifahamu. Akiniona tu anatabasamu. Juzi alikuwa na walimu wenzake, nikapiga goti, akawaambia, "Mnaona? Bado wapo mabinti wenye adabu chuo hiki." Nilitembea kutoka pale miguu haigusi chini. Sura mbili za mwanzo ameshaziona.

Mageni ananicheka. "Unamwamkia huyo mzee kama unampelekea mahari! Ingia ndani, mwambie: Dokta, mimi Generoza, andiko langu liko wapi? Basi!" Nikamwambia kwetu hatusemi hivyo. Akaniuliza kwetu ni wapi, kwani Bukombe ni Ulaya?

Nilikwenda Mwakitolyo kuzungumza na kina mama. Dada, wale wanawake! Wanakaa chini wamenyoosha miguu, kila mmoja na jiwe la kupondea na nyundo, nyuso nyeupe kwa vumbi, na midomo haifungi. Mmoja, Mama Mayala, alinitazama nilivyokuwa naandika akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, hiyo kalamu yako haina mikono? Shika nyundo. Utaandika umechoka, ndiyo utaandika ukweli." Nikashika nyundo. Walicheka mpaka mmoja akalala chali. Lakini baada ya hapo walinisimulia kila kitu, hata yale ambayo sikuuliza.

Nilipita pia ofisi ya ushauri nasaha ya chuo kwa sababu kichwa kilikuwa kinaniuma, na usingizi umekuwa mwepesi. Mama mmoja alinipokea vizuri mno. Alifunga mlango, akazima simu yake, akanisikiliza mchana mzima. Nilitoka nikiwa mwepesi. Niliporudi wiki iliyofuata nikakuta kufuli: yuko safarini, kwenye mafunzo, na hana msaidizi.

Mwambie baba nakazana.

Generoza


Unovisi, Ushirombo,
8 Juni 2025, Pentekoste

Gene wangu,

Marahaba. Baba alipokuja kunitembelea nilimsomea sehemu ile ya "mabinti wenye adabu". Alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akaniambia niirudie. Wewe unajua baba hasifii kitu, lakini wakati wa kuaga alimwambia Mlezi, "Sista, huyo ni mwanangu mimi."

Maandalizi ya misa sasa yamefika mbali. Wamekwishaalika ndugu wa Runzewe na wale wa Masumbwe. Kwaya ya kigango inafanya mazoezi.

Jambo moja linanisumbua. Mlezi alikaa na barua yako siku mbili kabla ya kunipa, naye huwa hakai nazo. Nilipomuuliza kama kuna kosa akasema, "Hakuna kosa. Mdogo wako anaandika vizuri sana kuhusu watu wengine." Uko salama?

Agatha


Shinyanga,
21 Julai 2025

Dada,

Mlezi asome, tena aanze yeye. Sitaki tena kuchagua maneno.

Majina yalibandikwa Ijumaa. Jina langu limo katika wale wasiohitimu, na mbele yake wameandika: hakuhudhuria usimamizi wa utafiti, hakuwasilisha kazi. Nilisoma nikidhani kuna Generoza mwingine. Kuondolewa chuoni kabisa, au la, kutaamuliwa na kamati mwezi wa nane.

Nilikwenda kwa Dkt. Marwa. Safari hii sikupiga goti. Nikasimama tu mlangoni. Akasema, "Karibu binti, leo husalimii?" Nikasema, "Dokta, mimi ni Generoza Dominiko."

Alinitazama kwa muda. Akafungua kompyuta. Akanitazama tena.

"Generoza Dominiko ni wewe?"

"Ni mimi, Dokta."

"Huyu Generoza nimemtafuta muhula mzima! Nimemwandikia kwa CR wenu, yaani kiongozi wa darasa, nimemwandikia kwenye mtandao wa chuo..."

Nikamwambia CR hakunifikishia neno, mtandao wa chuo ulinifungia tangu mwezi wa tatu, na wale wa kompyuta waliniambia nisubiri. Nikamwambia nilikuwa nakuja, Dokta. Nilikuja kila mara.

"Wewe?" akasema. "Si wewe yule wa kunisalimia?"

Dada, hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo inayoniua. Alisema kama mtu aliyeona ajali. Akafunua rundo la karatasi pembeni ya kabati, akachomoa andiko langu kutoka chini kabisa. Lilikuwa na kipande changu cha karatasi nilichokikunja na kukibana mwezi wa tatu, nimeandika: Shikamoo Dokta, naomba unisomee pale utakapopata nafasi. Hakuna aliyekuwa amekifungua.

Nilikudanganya. Hajawahi kuona sura yoyote. Nilidhani ataiona kesho yake, na uongo utakuwa umegeuka kuwa kweli kabla hujaujua. Kazi yangu nimeiandika yote, sura zote, peke yangu, ipo kwenye begi. Haina saini.

Nimejiuliza nilikuwa nasubiri nini kwenye ule mlango. Mageni aliniambia. Wenzangu niliwaona kwa macho wakiingia na kutoka na karatasi zenye wino mwekundu. Nami nilikuwa najivunia. Nilidhani mimi ndiye ninayemheshimu, na kwamba heshima ina siku yake ya kujibiwa. Wangeniuliza tu! Mtu mmoja tu katika jengo lile angeniuliza, "Binti, umekuja na nini?" ningesema yote.

Siwezi kwenda Bugelenga. Siwezi kukaa kwenye kiti mbele ya baba huku kwaya inafanya mazoezi. Kuna mawazo yananijia ambayo sitayaandika hapa. Nakwenda mahali ambapo hakuna anayejua kwamba nilikuwa nasoma. Usimwambie baba. Usinitafute.

G.


Unovisi, Ushirombo,
27 Julai 2025

Gene,

Barua imenifikia leo baada ya misa. Mlezi alinipa mkononi, akanishika bega.

Mimi ndiye niliyekwambia usubiri. Nilikaa huku, nimezungukwa na ukuta, nikakupa ushauri wa karanga za Baba Mkubwa. Nikitegemea nini sijui.

Popote ulipo, uko hai? Niandikie neno hilo tu. Usiandike kingine.

Agatha


Unovisi, Ushirombo,
27 Julai 2025

Kwa Dkt. Charles Marwa,

Shikamoo. Nakuandikia bila kuulizwa, unisamehe. Mimi ni Agatha Dominiko, dada wa Generoza Dominiko, mwanafunzi wako. Niko unovisi na sina ruhusa ya kutoka wala ya kupiga simu, ila Mlezi wangu amenikubalia barua hii, na bahasha ni yake.

Mdogo wangu hakukudharau, Dokta. Nyumbani kwetu mtoto hatamki shida yake kwa mtu mzima kabla hajaulizwa. Anakwenda, anasalimia, anakaa. Mkubwa akishamaliza mambo yake anauliza, "Habari za huko mlikotoka?" Hapo ndipo unafungua mdomo. Ukiufungua kabla, umemwambia kwamba hajui wajibu wake. Generoza alikuwa anasubiri hilo swali kwako. Alipoona unatabasamu aliamini limekaribia. Nami nilimtia moyo asubiri zaidi.

Najua chuo hakiwezi kuendeshwa hivyo. Wewe una wanafunzi wengi, na pengine kwenu hamfanyi hivyo. Lakini kazi yake ameiandika yote, ameiweka kwenye begi. Ameondoka hosteli na hatujui alipo. Nafikiri ni Mwakitolyo, kwa sababu aliwapenda wale kina mama.

Kama kuna lolote linaloweza kufanyika, nakuomba. Nimepiga goti ninapoandika, lakini safari hii na shida yenyewe nimeitaja.

Agatha Dominiko


Shinyanga,
7 Agosti 2025

Agatha,

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Kwetu mtoto mwenye shida anapiga kelele mpaka majirani watoke. Siku ya kwanza ya muhula niliwaambia wote, "Mlango wangu uko wazi, anayetaka aingie." Nilidhani nimemaliza. Nilimwona binti anapiga goti, nikamwitikia, akaondoka anatabasamu. Nina wanafunzi wengi wa kusimamia kuliko inavyotakiwa. Majina yao yako kwenye kompyuta, sura zao ziko kwenye korido, na sikuwahi kuviunganisha. Nilikuwa nafurahi akija. Alikuwa mtu pekee aliyekuja ofisini kwangu bila kutaka kitu. Ndivyo nilivyofikiri, na nilimsimulia mpaka mke wangu.

Sasa lililopo. Kamati ya rufaa inakaa Alhamisi, tarehe 28 Agosti, saa tatu asubuhi. Jina lake nimeliweka. Lakini lazima aje mwenyewe, na kazi yake mkononi, na aseme kwa mdomo wake. Asipofika, anaondolewa chuoni, na hapo sitaweza kitu. Mimi nikimsemea wataniuliza kwa nini sikusema mapema.

Nimemtuma Mageni Mwakitolyo, amerudi mikono mitupu. Waliomsikiliza walimwambia kina mama wa mawe ni wengi na hakuna anayetumia jina lake la kanisani. Atakwenda tena. Wewe unamjua mdogo wako. Kama kuna njia ya kumfikia, itumie haraka.

C. Marwa


Mwakitolyo,
20 Agosti 2025

Dada Agatha,

Niko hai. Uliomba neno hilo. Mageni ameniletea barua yako iliyofika hosteli, ile fupi. Naiweka ndani ya nguo.

Huku naitwa Kalamu. Mama Mayala ndiye aliyenipa jina, na ndiye anayenilaza kwenye kibanda chake cha turubai. Asubuhi tunakwenda kwenye rundo la mawe yaliyotupwa pembeni ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji, tunaokota yale ambayo wanaume wameyakataa, tunaponda mpaka yawe unga. Mikono yangu imepasuka, ikapona, ikapasuka pale pale. Mchana sifikirii kitu. Nimegundua kwamba hiyo ndiyo niliyokuja kuitafuta.

Mama Mayala hajawahi kuniuliza nimetoka wapi. Nilimsubiri aulize, siku za mwanzo. Nikamwambia, "Mama, mbona huniulizi?" Akaendelea kuponda. "Nikuulize nini? Mtu akija huku amekimbia kitu. Akitaka kusema atasema, ana mdomo." Nililia kwenye vumbi, akaniambia nisilowanishe mawe.

Mageni alinipata Jumapili. Alisimama katikati ya wanawake, viatu vyake vizuri vimejaa matope, akanitukana mpaka wachimbaji wakatoka kwenye maduara kumshangilia. "Mjinga wewe! Mwili mzima adabu, kichwani vumbi! Mwanaume mzima amekosa usingizi chuoni kwa ajili yako na wewe umekaa hapa unapiga mawe!" Kisha akakaa chini akalia, na Mama Mayala akampa uji.

Amenieleza kuhusu kamati. Tarehe 28. Ameniachia nauli na kuniambia hatarudi tena kunibembeleza.

Nimekaa na hiyo nauli mkononi. Nikiwaza kuingia kwenye chumba cha watu wazima walionyamaza, wote wananitazama, nianze mimi kusema, naichukua nyundo tena. Naweza kuponda mawe mwaka mzima. Hilo siliwezi. Na hata nikienda, baba? Hata nikishinda, si kwa mahafali ya mwaka huu.

Amua wewe. Ukisema nenda, nitakwenda. Ukisema kaa, nitakaa. Nampa barua hii kondakta wa basi la Kahama, atampa mwenzake wa Ushirombo. Nasubiri jibu lako.

Generoza


Unovisi, Ushirombo,
25 Agosti 2025

Mpendwa Generoza,

Barua yako kwa Agatha nimeipokea leo mchana, nimeifungua, na jibu inabidi nilitoe mimi, kwa sababu Agatha hayupo.

Alipopata barua ya Dkt. Marwa aliniomba ruhusa ya kuja kukutafuta. Nilimwambia ruhusa hiyo si yangu, ni ya Mama Mkuu, na nikamwandikia Mama Mkuu siku hiyo hiyo. Jibu likachelewa. Kila asubuhi Agatha alinitazama usoni, kila asubuhi nilitikisa kichwa. Juzi Jumamosi nilimwambia avumilie mpaka Jumatano. Alinijibu, "Mlezi, Jumatano imebaki siku moja tu kufika Alhamisi." Jana baada ya masifu ya asubuhi nilikuta kitanda chake kimetandikwa na shela yake ya unovisi imekunjwa juu ya mto.

Nimewalea wanovisi kwa muda mrefu. Wapo niliowaruhusu waende na nikashukuru. Huyu ningemshikilia kwa meno.

Anakuja Mwakitolyo na hajui jina unalotumia. Mtafute, hana pesa wala chakula. Na kuhusu ulichomwomba akuamulie, siwezi kujua angesema nini. Mimi nakwambia nenda. Nimempa dereva wa basi bahasha hii na kumwambia asimpe mtu mwingine ila Kalamu, anayekaa kwa Mama Mayala.

Sista Benedikta


Shinyanga,
29 Agosti 2025

Baba yangu Dominiko,

Shikamoo baba. Shikamoo mama.

Barua hii nimemkabidhi dereva wa basi la leo. Mimi na Agatha tutapanda la kesho. Nimetaka itutangulie kwa sababu najijua. Nikifika nitapiga goti nikuamkie, utasema marahaba, utaniuliza habari za masomo mbele ya majirani, nami nitasema nzuri. Halafu nitaishi ndani ya hiyo nzuri mpaka Desemba. Kwa hiyo nasema sasa, baba, kabla hujaniuliza.

Mwaka huu sihitimu. Msimamizi wangu hakuijua kazi yangu kwa sababu sikumwambia ninachotaka. Nilikuwa nakwenda kumsalimia na kumsubiri aniulize, kama ulivyotufundisha, na yeye hakufundishwa hivyo. Sasa sikulaumu tena. Nimewalaumu wote kwa zamu, pamoja na wewe, na nimechoka.

Barua alizowasomea Agatha kwamba ninaendelea vizuri zilikuwa za uongo. Nilikimbilia Mwakitolyo nikawa naponda mawe. Agatha aliacha unovisi bila ruhusa akanifuata. Jumapili na Jumatatu alizunguka duara kwa duara na gauni lake la kijivu, wachimbaji wakimtania kwamba sista amekuja kubatiza dhahabu, na usiku alilala kwenye benchi la kanisa la pale. Jumanne mchana barua ya Mlezi wake ilinifikia, nikatupa nyundo nikaenda kumtafuta. Nilimkuta kwenye foleni ya maji, anamuuliza mama mmoja kama amemwona msichana mwenye mwandiko mzuri. Baba, alikuwa ananiulizia hivyo. Hakuwa na alama nyingine ya kunitambulisha.

Hakunisalimia. Alinishika mkono kama mtu anayemshika mwizi, na hakuuachia mpaka tulipofika Shinyanga.

Jana niliingia kwenye kamati. Walikuwa watu wazima saba. Mwenyekiti alikuwa anasoma karatasi zake, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nikasema, "Naomba nianze." Sauti ilitoka ndogo. Mmoja akaniambia nipaze. Nikapaza. Nikaweka kazi yangu mezani, nikaeleza kila kitu, hata uongo. Mjumbe mmoja akasema chuo hakina alama za adabu, na kwamba hana ushahidi kuwa niliwahi kufika ofisi ya msimamizi. Dkt. Marwa akasimama. "Alikuwa anafika. Mimi ndiye niliyekuwa namwitikia."

Wameamua nisifukuzwe. Nitarudia muhula wa utafiti mwakani, pamoja na walio nyuma yangu sasa, na Dkt. Marwa ameomba abaki kuwa msimamizi wangu. Nimemkubalia.

Agatha alipiga simu unovisi leo asubuhi kwa simu ya mwenzangu. Mama Mkuu amejibu kwamba aliyetoka bila ruhusa hana nafasi ya kurudi. Aliirudisha simu kwa mwenyewe, akashukuru, akaenda kufua nguo zangu. Anafua tangu saa nne na sasa ni alasiri. Nimemwambia apumzike, hasikii. Baba, mimi nimepoteza mwaka. Yeye amepoteza alichokuwa anakitaka tangu akiwa mdogo, na kosa lilikuwa langu. Sijui nitamlipa nini. Usimuulize kuhusu shela.

Kwa hiyo ile misa haina joho wala nadhiri. Najua umealika ndugu. Najua utasimama mbele ya jumuiya na kuyarudisha maneno yako, na sisi tutakuwa tumekaa nyuma. Ukitaka nisimame mimi nikusemee, nitasimama. Jana nimejua kwamba naweza.

Tunakuja wote wawili, na begi moja. Mama asitoke na vigelegele. Nakuomba jambo moja tu, na nalisema waziwazi ili lisipotee: utupokee kwanza. Ukiona utufukuze, utufukuze tukiwa tumeshakula.

Mwanao,
Generoza